Mzinga wa Mjomba

Sahare yetu ya Tanga, miaka ya tisini, iliishi kwa kalenda mbili, na zote mbili zilikuwa za mwezi. Moja ilikuwa ya ibada: Ramadhani, Idi, Mfunguo Sita na Maulidi yake. Nyingine ilikuwa ya bahari, na hiyo ndiyo iliyoamua nani atalala nyumbani na nani hatalala. Siku za giza vijana walipakia karabai kwenye mashua wakaenda kuvua dagaa, na ukisimama dikoni ukatazama upande wa Pemba uliona taa zao zimejipanga kwenye upeo wa bahari kama mji uliojengwa usiku huohuo. Mbalamwezi ikianza, karabai haina tena cha kumdanganya dagaa, basi watu walishinda pwani wakishona nyavu, na usiku wakacheza bao. Bamvua likipwa, mwamba uliachwa mtupu hadi mbali, na kina mama walishuka na vijiti vyao kutafuta pweza. Maji mafu yakiingia, pweza hakuna, na nyumba nyingi zilirudi kwenye mchicha na tembele.

Kalenda hiyo ya pili ilinihusu kwa namna ambayo haikuwahusu watoto wengine wa mtaani. Ndiyo iliyoniambia foleni ya uani kwetu itakuwa ndefu kiasi gani.

Foleni yenyewe ilikuwa ya darubini. Mjomba alikuwa serahangi kwenye meli za nje, na alipoacha bahari alirudi Tanga na cherehani ya Bibi, redio kubwa ya mawimbi mafupi, na sanduku jembamba refu ambalo hakuna aliyekuwa ameliagiza. Alilinunua Kobe, Japani. Ndani mlikuwa na bomba jeupe lenye kioo cha milimita 60 mbele, miguu mitatu ya kusimamishia, kijidarubini kidogo cha kulengea kilichopachikwa ubavuni, na lenzi tatu za kuwekea jicho zilizofungwa kwenye vikopo vya plastiki. Watoto tuliliona bomba linavyoelekezwa juu tukaliita Mzinga, na jina likaganda. Hata Bibi, aliyekuwa mgumu wa kukubali maneno ya watoto, alikuja kusema, "Hebu utoeni huo mzinga wenu njiani, mtu apite jikoni."

Kila lenzi ilikuwa imechorwa namba: 20, 12.5 na 4. Bomba lenyewe liliandikwa 700. Mjomba alitufundisha kugawanya 700 kwa namba ya lenzi ili kujua kitu kitakuzwa mara ngapi, kwa hiyo tulijua 35, 56 na 175 kabla shuleni hatujafika kwenye sehemu za desimali. Sote tulitaka ile ya 4. Mjomba alituachia tuitumie mpaka tukaichukia wenyewe: kila kitu kilikuwa na giza, kilitetemeka, na mtu akipita karibu na miguu mitatu nyota ilicheza dansi. "Kioo kidogo hakina mwanga wa kugawa ovyo," alisema. "Ukikivutavuta, unagawa giza."

Uamuzi wa kuufungua uani kwa watu wote ulitokana na hofu ya maneno. Mwanamume mzima, hana kazi ya usiku, anasimama gizani na bomba la kuonea mbali katika mtaa ambao madirisha yanatazamana: hiyo ni habari ya kumfikisha mtu kwa mjumbe. Bibi ndiye aliyeliona hilo mapema. Akamwambia, "Mwanangu, mlango wa uani usiufunge. Anayetaka kujua unatazama nini, aje atazame." Basi wakaja. Muuza kahawa naye akanusa biashara, akawa anafika na dele lake na kashata kila anapoona taa ya nje imezimwa, maana taa kuzimwa ndiyo ilikuwa ishara kwamba Mzinga uko nje. Miaka ile ya mgao wa umeme taa zilizimika hata bila sisi kuzizima. Mtaa mzima ukilalamika, Mjomba alikuwa anabeba miguu mitatu huku akipiga mluzi.

Mwezi na bahari vilijipangia watu wetu. Zile siku za maji mafu ndizo siku za mwezi nusu, kwa sababu hapo jua na mwezi huvuta bahari kutoka pande zinazopishana na nguvu ya mmoja hupunguza ya mwingine. Na mwezi nusu ndio mwezi mzuri kuliko yote kwenye darubini: kwenye mpaka wa mwanga na giza jua linachomoza, vivuli vya milima vinalala virefu, na mashimo yanaonekana kina chake. Wenye kukosa pweza na wenye kukosa samaki walipata angalau kitu cha kutazama. Mbalamwezi ilituletea wavuvi wa karabai, lakini mwezi mpevu hauna vivuli. Ni sahani ya mwanga inayoumiza jicho, na mtu alitoka pale akisema ameshauona mwezi mkubwa zaidi ya huo kwa macho yake. Siku za giza, nyota zilipokuwa nyingi kupita kiasi, vijana wote walikuwa baharini. Tulibaki watoto, kina mama na wazee. Ndio sisi tulioonyeshwa kwamba ile nyota angavu karibu na Msalaba wa Kusini, Alfa Kentauri, ni nyota mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, na kwamba mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka minne kufika Sahare.

Kutazama kulikuwa na adabu yake. Mikono nyuma, maana mwenye kulishika bomba hulisogeza. Jicho lisigandamizwe. Usiulize nyota iko wapi kabla hujatulia. Wengi mara ya kwanza waliona kope zao wenyewe, au walifumba jicho lililo kwenye lenzi na kuacha wazi lile la nje. Mjomba hakumwambia mtu ataona nini. Aliuliza tu, "Unaona nini?" na akangoja. Ghafla mtu alipiga kelele, "Imekimbia!" Ilikuwa imekimbia kweli. Kwa lenzi ya 4, nyota hukatiza duara lote kwa muda wa kama dakika moja na kutoka upande wa pili. Mjomba alilisogeza bomba taratibu, akairudisha, akasema, "Haikukimbia yeye. Umepita wewe." Ndivyo nilivyojua kwamba dunia inazunguka. Shuleni niliwahi kuambiwa. Uani niliiona inazunguka, tena ikiwa na mwendo wa kumchelewesha mtu zamu yake.

Mtazamaji aliyeheshimiwa kuliko wote hakuwa Mjomba. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mzee aliyeendesha majahazi mpaka Mukalla na Maskati enzi za ujana wake, na mtaani hakuna aliyemwita vingine zaidi ya Nahodha. Alifika na kiti chake mwenyewe. Hakuhitaji kuelekezwa juu kuna nini. Kilimia alikijua na mvua zake, Suheli aliijua na upepo wake, na alijua kwamba ukiwa Tanga nyota ya Jaa huioni kwa sababu tuko digrii 5 kusini ya ikweta, nayo imelala chini ya upeo kwa kiasi hichohicho. "Ukishapita Mogadishu inaanza kuchungulia," alituambia. "Kila siku inapanda. Ukifika Maskati imeshakuwa ya kupimwa kwa mkono." Akanyoosha mkono mbele ya uso, vidole vimebanwa, kutuonyesha jinsi mtu wa chombo anavyojua amefika wapi bila kuiona nchi kavu. Mjomba, aliyetumia miaka kwenye meli zenye rada, alimsikiliza kwa kichwa kilichoinama.

Lakini Nahodha hakuwa mtu wa kukubali kitu kwa sababu kimetamkwa kwa uhakika. Kila Mjomba alipoeleza jambo, yeye aliuliza neno moja tu: "Lini?" Alikuwa na msimamo kwamba maneno yasiyo na saa ni maneno ya barazani. Bahari ilimfundisha hivyo. Mtu akikuambia maji yatajaa, hajakuambia kitu. Akikuambia yatajaa saa ngapi, hapo amejiweka mahali pa kuumbuka. Kwa ajili yake Mjomba alianza kuandika kwenye ukuta wa uani kwa mkaa: tarehe, saa, na kitu kitakachotokea. Habari alizipata kwenye redio na kwenye majarida ya nyota aliyotumiwa na rafiki yake wa melini. Na kwa sababu ya ukuta ule, siku za Julai 1994 hazijanitoka kichwani.

Machi 1993, Carolyn Shoemaker, mumewe Eugene na mwenzao David Levy waligundua nyota mkia ya ajabu kutoka mlima Palomar, California. Ilikuwa imepasuka. Mwaka uliotangulia ilipita karibu mno na sayari ya Mshtarii, uvutano ukaichanachana, na sasa vipande vyake vilikuwa vinafuatana kwa mstari. Mei 1993 wenye kupiga hesabu walitangaza kwamba vipande hivyo vitarudi kuigonga Mshtarii Julai ya mwaka unaofuata. Mjomba aliandika ukutani: kuanzia Jumamosi tarehe 16, saa tano usiku na dakika chache. Nahodha akausoma ukuta, akasoma tena, akasema, "Serahangi, hapa umejifunga."

Ilikuwa wiki ya maji mafu, kwa hiyo Jumamosi uani ulijaa, na mwezi nusu ulikuwa umesimama jirani na Mshtarii. Mjomba aliwaonya kwamba hawataona moto. Vipande vingeangukia upande uliogeuka kidogo tu nyuma, na sisi tungengoja sayari ijizungushe iturudishie kovu. Mshtarii huzunguka mara moja kwa muda unaopungua kidogo saa kumi. Usiku ule hakuna aliyeona lolote. Watu waliondoka na utani wao. Jumapili foleni haikuwepo kabisa, maana ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Italia, na kila mwenye miguu alikuwa ametafuta pa kuitazamia au kuisikilizia. Saa za kwetu mpira ulianza saa nne na nusu usiku. Uani tulikuwa Mjomba, Nahodha na mimi. Mjomba alikaa kwenye lenzi muda mrefu, na nilipomuuliza ameona nini alisema, "Bado sijaamini jicho langu, kwa hiyo sijaona."

Jumatatu tarehe 18, watu wakiwa bado wanabishana juu ya penalti ya Roberto Baggio iliyopaa juu ya lango, Mjomba alitoa Mzinga mapema. Magharibi ilipoingia Mshtarii alikuwa karibu na utosi, mahali pabaya kwa bomba la miguu mitatu kwa sababu sehemu ya jicho hushuka katikati ya miguu. Ilibidi tungoje ateremke upande wa magharibi. Kufika saa nne ya usiku aliweka lenzi ya 12.5. Kwa lenzi hiyo Mshtarii huonekana na ukubwa unaozidi kidogo ule wa mwezi mpevu unaoonwa kwa macho matupu, ingawa hakuna mtu wa foleni aliyewahi kulikubali hilo. Akatazama, akanyanyuka, hakusema kitu, akamwashiria Nahodha akae.

Nahodha alikaa. Tukasikia dele la kahawa likigonga kikombe, basi. Kisha akasema, "Pana doa."

Zamu yangu ilipofika nililiona: nukta nyeusi, nyeusi kuliko ile mikanda miwili ya kahawia niliyoizoea, upande mmoja karibu na pembe ya sayari. Nilipotulia ilijikaza ikawa na umbo. Ilikuwa alama iliyoachwa na kipande kilichopewa herufi G, kilichogonga asubuhi ya siku hiyohiyo saa nne na nusu za Tanga, na ukubwa wa giza lile ulikuwa wa kulinganishwa na dunia nzima. Sahare, bahari, Pemba, Maskati yote ya Nahodha, vyote vingeingia katika nukta ile. Na mwanga niliokuwa ninautazama ulikuwa umeondoka kule zaidi ya dakika 40 nyuma.

Wiki ileile redio ya Mjomba ilikuwa ikitangaza Wanyarwanda wanaovuka mpaka kuingia Goma kwa maelfu kwa maelfu. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, baada ya kulitazama doa, aliuliza kwa sauti ya chini kama si ishara ya yanayotokea chini. Hakuna aliyemcheka. Mjomba alimjibu kwa upole: "Mama, hesabu ya doa hili ilitangazwa Mei ya mwaka jana. Wakati huo watu wale walikuwa majumbani mwao. Hili halikuja kwa ajili yao, na wale hawakufa kwa ajili ya hili." Nahodha akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa mtoto, sikuelewa uzito wa jibu lile. Leo nadhani ndilo jambo kubwa nililolisikia uani kwetu. Tarehe iliyotajwa kabla ilimnyima mtu nafasi ya kuisingizia mbingu mambo waliyoyafanya binadamu.

Oktoba ya mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Bibi. Mpaka hapo alikuwa amekataa kutazama, akisema macho yake yanatosha kupeta mchele. Jioni moja Zuhura ilikuwa inang'aa magharibi juu ya minazi, Mjomba akamshika mkono akamkalisha. Bibi akatazama kwa lenzi ndogo kuliko zote. "Mmeniwekea mwezi," alisema. Mjomba akamwambia hapana, hiyo ni Zuhura. "Mwanangu, mimi nimeandama miezi kabla hujazaliwa. Huu ni mwezi mchanga." Ikabidi atoe uso, aangalie kwa macho yake ile nyota iliyo nukta, arudi kwenye lenzi aone hilali. Alifanya hivyo mara kadhaa, kimya, akipima. Galileo aliliona jambo hilohilo mwaka 1610, na likawa ushahidi mzito kwamba Zuhura huzunguka jua, kwa kuwa ndiyo sababu hukua na kupungua mwangani. Bibi hakuhitaji hitimisho hilo. Alichosema ni kwamba kumbe na yeye anaficha uso, na kuanzia hapo alikuwa anauliza kila baada ya Magharibi Zuhura amebaki kiasi gani.

Sifa za Mzinga zilimletea Mjomba mtihani Ramadhani iliyofuata. Jioni ya kuandama, watu walimwomba abebe darubini waende nayo uwanjani, kwenye uwazi wa magharibi. Wazee wakagawanyika palepale. Wengine walisema kioo ni msaada wa jicho sawasawa na miwani. Wengine wakasema ushahidi ni wa jicho lenyewe, na mwenye kuona kwa bomba hajaona. Mjomba hakuingia kwenye ubishi. Alisimamisha miguu mitatu, akangoja jua lizame kabisa kwa sababu bomba likielekezwa kwenye jua jicho limekwenda, kisha akaanza kutafuta. Tatizo la darubini ni kwamba inaona mbali lakini inaona padogo. Kipande cha mbingu kinachoingia kwenye lenzi ni kidogo sana, na hilali nyembamba kwenye wekundu wa jioni ni lazima ujue ilipo kwanza. Akiwa bado anapapasa, wavulana waliokuwa wamepanda kwenye ukuta walipiga kelele. Wameuona. Mjomba akafuata vidole vyao, akaulenga, na wazee wa pande zote mbili wakapanga foleni kuutazama kwa raha zao, kwani hukumu ilikuwa imeshapita. Nahodha alimpiga begani. "Chombo chako kizuri," alisema, "ila hakijui njia."

Nikirudi kwenye ukuta, maandishi yaliyomtesa Mjomba kuliko yote yalikuwa ya mwaka 1995. Zohali ndiyo ilikuwa fahari ya Mzinga. Watu waliokuwa hawajali nyota walikuja kwa ajili ya ile pete tu. Sasa Mjomba aliandika: tarehe 10 Agosti, pete itapotea. Alieleza kwamba upana wa pete kutoka ukingo hadi ukingo unazidi kilomita 270,000, lakini unene wake sehemu kubwa ni makumi ya mita tu. Kila baada ya takriban miaka 15 dunia hupita sambamba na ubapa wake, na kitu chembamba namna hiyo, kikitazamwa kwa makali yake, hakionekani. Galileo ilimpata mwaka 1612. Alivyoviona pembeni mwa Zohali vilipotea, wala hakujua vimekwenda wapi, na maelezo sahihi yalisubiri mpaka Christiaan Huygens alipoyatoa mwaka 1659.

Mtaa haukupenda. Watu wanakubali upesi kuambiwa kitu kitatokea. Kuambiwa wasubiri kuona kwamba hakipo, hilo ni jambo jingine. Bahati nzuri usiku ule ulikuwa wa mbalamwezi, wavuvi wa karabai walikuwa nyumbani, na ulikuwa msimu wa Maulidi, hivyo wengi walipita na kanzu zao wakitoka kwenye shughuli, mifukoni wana halua. Zohali ilichomoza upande wa bahari. Ilipopanda vya kutosha kila mmoja alikaa, akatazama, akaona kiduara kitupu cha rangi ya samli. Waliowahi kuiona na pete walinyanyuka wakiwa na nyuso za watu walioibiwa. Nahodha alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, halafu akaenda ukutani, akainamisha taa ya kandili, akasoma tarehe kwa kuifuata na kidole. "Mtu wa ahadi," alisema. Hatukujua kama anamsema Mjomba au Zohali. Nadhani kwake ilikuwa mamoja.

Nahodha alifariki kabla ya kupatwa kwa mwezi kwa Septemba 1997, na ndiyo sababu hakuwepo kuuliza "Lini?" Watu wengine waliuliza badala yake. Mjomba alikuwa ameandika kwamba Jumanne tarehe 16 mwezi utaanza kuliwa saa mbili na dakika 8 usiku, utafunikwa wote saa tatu na robo, na utaanza kuachiwa saa nne na dakika 18. Msikitini walimtuma kijana kuja kunakili. Isha iliposwaliwa watu hawakutawanyika. Walibaki, na mwezi ulipoanza kumeguka sala ya kupatwa ikasimama bila haraka, wakati nje watoto wanapiga madebe na masufuria jinsi walivyopiga wazazi wao. Uani mwezi ulikuwa mwekundu wa shaba, na mashariki yake Zohali ilikuwa imeshachomoza na pete yake imerudi. Kina mama walioibiwa miaka miwili nyuma walidai wahakikishe. Walihakikisha.

Mwezi uliofuata zikaanza mvua za El Niño. Zilinyesha mpaka mwanzoni mwa mwaka 1998, barabara zikakatika, na ndani ya nyumba viatu vikaota ukungu. Sanduku la Mzinga lilikuwa juu ya kabati. Tulipolifungua jua lilipotoka, kuvu walikuwa wametambaa kati ya vioo viwili vya mbele, nyuzi nyeupe zilizotawanyika kutoka ukingoni. Mjomba alikifungua kioo akakisafisha kwa uvumilivu wa mtu wa injini, lakini ule utando wa bluu wa kupunguza mng'ao ulikuwa umeshaliwa. Nyota zikabaki na ukungu pembeni. Mwezi bado ulionekana, na kwa mwezi tuliendelea kiasi, mpaka foleni ikafa yenyewe. Televisheni zilikuwa zimeenea mtaani, na watu hawawezi kuwa mahali pawili.

Mjomba yu hai. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akawekewa lenzi mpya, na anajigamba kwamba hii haioti kuvu. Sahare sasa ina taa usiku kucha. Mimi naishi Dar es Salaam, ambako nyota za kuhesabika hazizidi vidole isipokuwa ukivuka ukaenda mbali Kigamboni. Huko ndiko rafiki yangu mwenye darubini alikonialika Novemba 2025, pete ya Zohali ilipokuwa imerudi kuwa nyembamba kupita kiasi, mstari tu uliopita katikati. Nilimpigia simu Mjomba nikiwa palepale. Hakuuliza inaonekanaje. Aliuliza saa ngapi nimetazama na kwa lenzi gani, kisha akataka nimpe orodha ya yanayokuja.

Nikampa. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Luxor na Makka, na sisi Tanga tutaona sehemu yake. Oktoba 2038, tarehe 15, dunia itapita tena sambamba na ubapa wa pete ya Zohali. Alinyamaza akipiga hesabu ya umri wake. "Hiyo ya pili siwezi kukuahidi," alisema. "Ila waandikie watoto. Na uweke na saa, wasije wakasema ni maneno ya barazani."